Mashine Haimjui Mama Brian: Panga Rekodi za Biashara Kabla ya Kuziachia Mfumo

Ukiulizwa sasa hivi ni wateja wangapi unaowadai, na kila mmoja unamdai pesa ngapi, ungehitaji dakika ngapi kujibu?

Wafanyabiashara wengi wanajua jibu liko mahali fulani. Sehemu iko kwenye daftari la kaunta, sehemu iko kwenye meseji za malipo, sehemu iko kwenye faili ya Excel ambayo mpwa wako alikufungulia akiwa likizoni, na iliyobaki iko kichwani mwako. Hayo yote kwa pamoja ndiyo hifadhidata ya biashara yako. Neno lenyewe linasikika kama kitu cha benki, lakini maana yake ni rahisi tu: ni mahali unapoweka habari za wateja, mzigo na pesa ili uzipate ukizihitaji. Kama una daftari la madeni, tayari unayo. Swali ni kama inakwambia ukweli.

Siku hizi kila mahali unauziwa mfumo wa kukutoa kwenye hiyo shida. Malipo yajiandike yenyewe, deni lijipunguze lenyewe, mteja atumiwe risiti na kukumbushwa bila wewe kugusa simu. Ahadi hiyo ni ya kweli na inawezekana hata kwa biashara ndogo. Lakini ina sharti moja: mfumo unasoma kile kilichoandikwa, hausomi kile ulichomaanisha. Rekodi zikiwa safi, utaokoa masaa kila wiki. Zikiwa chafu, utapata makosa yale yale ya daftari, ila sasa yatafanyika haraka zaidi na kwa wateja wengi kwa mpigo.

Mtu mmoja, majina matatu

Kwenye daftari umeandika "Mama Brian". Kwenye simu umemhifadhi kama "Mama Brian Nguo" ili usimchanganye na yule wa mboga. Akilipa, meseji inaingia na majina yake ya kitambulisho, ambayo pengine hujawahi kumwita hata siku moja.

Wewe unaunganisha hayo majina matatu bila kufikiria. Mfanyakazi uliyemwajiri juzi hawezi, na programu pia haiwezi. Kwa programu, hao ni watu watatu: mmoja ana deni ambalo hajapunguza hata shilingi, mwingine hana shughuli yoyote, na wa tatu amelipa pesa ambayo hakuna aliyekuwa anamdai. Sasa ongeza ile siku bwana yake alilipa kwa laini yake, ama alimtuma kijana wake alipe. Watu wamekuwa watano.

Kwa hivyo jina peke yake halitoshi kumtambulisha mteja. Unahitaji kitu kimoja ambacho ni cha mtu mmoja tu na hakibadiliki.

Nambari ya simu inasaidia, lakini ina mitego yake

Wengi huchagua nambari ya simu, na si wazo baya. Shida ni kwamba nambari ile ile inaandikwa kwa njia nyingi. Mmoja anaanza na 07 ama 01, mwingine anaanza na +254, mwingine na 254 bila alama ya kujumlisha. Ukiiandika kwenye Excel bila kuiambia kwamba hayo ni maandishi, inaiona kama hesabu ya kawaida na kufuta ile sifuri ya mbele. Ile ndefu ya tarakimu 12 inayoanza na 254 inaweza kujikunja na kuonekana kama 2.547E+11. Kwa jicho lako bado ni simu ya Mama Brian. Kwa mashine ni vitu vinne tofauti.

Kuna mengine pia. Watu hubadilisha laini. Laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Na kwenye baadhi ya taarifa za malipo, tarakimu za katikati za nambari ya mteja hufichwa ili kulinda habari zake, kwa hivyo huwezi kutegemea kuiona nzima kila mara.

Njia iliyo salama zaidi ni kumpa kila mteja nambari yako mwenyewe, fupi na rahisi kukumbuka: D001, D002, D003. Nambari ya simu inakuwa habari mojawapo kwenye mstari wake, ambayo unaweza kuibadilisha akihama laini. D014 anabaki D014 hata akibadilisha simu mara tatu.

Mambo ni yale yale upande wa mzigo. Unga wa mahindi unaingia dukani kwa beli na kutoka kwa pakiti. Beli moja ya pakiti za kilo 2 ina pakiti 12. Kama wewe umeandika "unga 3" ukimaanisha beli, na anayekusaidia jioni anaandika "unga 3" akimaanisha pakiti, hapo kuna tofauti ya pakiti 33 na hakuna mtu aliyeiba. Chagua kipimo kimoja cha kuhesabia na mkifuate nyote.

Ploti ya nyumba 24: ona vile hesabu inavyoharibika

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mwenye ploti ana nyumba 24, kila moja kodi yake ni Sh8,500. Kwa mwezi anatarajia Sh204,000. Kufikia tarehe 5, Paybill yake inaonyesha Sh195,500. Hesabu ya haraka inasema pesa ya nyumba moja tu ndiyo haijaingia.

Lakini akiangalia sehemu ya nambari ya akaunti, wapangaji 19 wameandika nambari ya nyumba vizuri. Wanne hawakuandika hivyo. Mmoja ameandika "rent". Mwingine ameweka 0. Wa tatu ameandika jina lake. Wa nne ameandika "B3 juu", na kwenye ploti hiyo kuna B3 moja tu, lakini orodha inaitambua kama "B3" bila neno lingine.

Wale 19 ni Sh161,500. Wale wanne ni Sh34,000. Pesa yote iko kwenye akaunti. Hata hivyo, ukitoa orodha ya wasiolipa, inakuja na nyumba 5 badala ya 1.

Kwa daftari, mwenye ploti angekaa chini, aangalie meseji, apige simu mbili tatu, na kufikia jioni ajue ukweli. Kwa mfumo uliowekwa bila kupanga mambo haya, saa mbili asubuhi meseji tano za onyo zimeshatoka. Nne kati ya hizo zimeenda kwa watu waliolipa. Na kama msimamizi wa ploti ana mazoea ya kufuata orodha na kufuli mkononi, kuna familia itarudi jioni ikute mlango umefungwa na kodi ilishalipwa. Pesa inaweza kurekebishwa, lakini heshima iliyovunjwa mbele ya majirani ni ngumu kurudisha.

Na kosa halikuwa la programu. Haikuwahi kuambiwa kwamba "rent" ni nyumba ya nani.

Mfumo unaojiendesha unafanya nini hasa?

Ukiondoa maneno ya matangazo, kazi yake ni tatu: kupokea habari za malipo, kulinganisha na rekodi yako, na kuchukua hatua.

Kupokea ndiko rahisi. Kila malipo ya M-PESA yanakuja na msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu 10, kiasi, tarehe na saa. Kwa Paybill kuna pia akaunti aliyoandika mteja. Badala ya wewe kunakili kutoka kwa meseji, ambapo ni rahisi kusoma herufi O kama sifuri, mfumo unapokea habari hizo moja kwa moja. Kwa M-PESA, Safaricom ina njia rasmi ya kuunganisha mifumo ya biashara inayoitwa Daraja, na programu nyingi za dukani hupitia huko.

Kulinganisha ndiko kwenye kazi. Hapa ndipo D014 inapokuokoa. Mfumo unachukua akaunti iliyoandikwa, unaitafuta kwenye orodha yako, na ukiipata unapunguza deni la huyo mtu.

Kuna njia mbili za kupunguza makosa hata kabla pesa haijaingia. Ya kwanza ni mfumo wako kuulizwa kama akaunti ipo wakati mteja analipa. Kama haipo, malipo yanakataliwa na pesa inabaki kwake, naye anajaribu tena akiwa na nambari sahihi. Yule wa "rent" angegundua hapo hapo. Ya pili ni biashara kutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, kiasi na akaunti vikiwa vimeshajazwa. Mteja anahakikisha jina na kiasi, kisha anaweka PIN yake kwenye simu yake mwenyewe. Wakumbushe wateja wako: PIN haitajwi kwa mtu yeyote, hata kwa muuzaji wanayemwamini.

Kuchukua hatua ndiko kutuma risiti, kukumbusha deni ama kufunga huduma. Hatua hii iwe ya mwisho kuachiwa mashine. Risiti inaweza kujituma kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu ikikosewa haimuumizi mtu sana. Onyo la deni lisubiri mpaka uwe umeona miezi miwili ama mitatu ambayo hesabu za mfumo zinalingana na za kwako.

Mfumo ukinyamaza, usifikiri mambo ni sawa

Oktoba 2020, wakati wa korona, shirika la afya ya umma la Uingereza liligundua kwamba karibu wagonjwa 16,000 hawakuwa wamehesabiwa kwenye takwimu za kila siku. Majibu ya maabara yalikuwa yakiingizwa yenyewe kwenye faili za aina ya zamani ya Excel, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Faili ilipojaa, majibu mengine yaliachwa nje. Hakuna kengele iliyolia. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa.

Kama hilo linaweza kufanyika kwa shirika la serikali ya nchi tajiri, linaweza kufanyika kwa duka la Kitengela. Mtandao ukikatika wakati taarifa ya malipo inatumwa, malipo yanaweza kukosa kufika kwenye programu yako ilhali pesa iko kwenye akaunti. Wakati mwingine taarifa moja inatumwa mara mbili, na mfumo usiochunga msimbo wa muamala utapunguza deni mara mbili. Na kuna malipo yanayorudishwa kwa mteja baada ya mzigo kuondoka dukani.

Dawa yake ni ya zamani kuliko kompyuta: kuhesabu kinachoingia na kinachotoka. Kila jioni, chukua taarifa rasmi ya Till ama Paybill yako uangalie mambo mawili tu. Miamala ni mingapi, na jumla ni pesa ngapi? Kisha angalia programu yako inasema nini. Ikiwa taarifa ina miamala 63 na programu ina 62, kuna mmoja umepotea na bado ni rahisi kuupata. Ukisubiri hadi mwisho wa mwezi, utakuwa unatafuta sindano kwenye gunia la maharagwe.

Na usilinganishe kwa kutumia meseji aliyokuonyesha mteja kwenye simu yake. Meseji zinaweza kughushiwa. Linganisha na taarifa yako mwenyewe.

Anza hivi, hata kabla ya kununua chochote

1. *Kusanya.* Toa madeni yote kwenye daftari, meseji na kichwa, uyaweke kwenye orodha moja. Daftari jipya ama faili moja, chagua, lakini iwe moja.

2. *Mpe kila mteja nambari.* Andika karibu nayo jina la kitambulisho, jina unalomwita, na simu yake. Chagua namna moja ya kuandika simu, kwa mfano 254 mbele kila mara. Kwenye Excel, weka safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuanza kuandika.

3. *Unganisha waliorudiwa.* Panga orodha kwa simu, kisha uipange tena kwa jina. Wale wanaofanana watajitokeza. Usifute mtu kabla hujahamisha deni na malipo yake yote.

4. *Kubalianeni salio.* Hii ndiyo hatua wengi huiruka. Mtumie kila mteja salio lake mkubaliane kabla ya kuliingiza: "Habari, kwa hesabu yetu salio lako ni Sh1,200. Kuna tofauti yoyote?" Ukiingiza salio lenye ubishi, mfumo utalibeba hilo kosa mwezi baada ya mwezi.

5. *Wafundishe wateja nambari yao.* Ibandike kwenye kaunta, iandike kwenye risiti, itaje wakilipa. Kwa ploti, nambari ya nyumba iandikwe nyuma ya mlango: Paybill ni hii, akaunti ni B3, bila nafasi na bila neno lingine.

6. *Tenga mahali pa malipo yasiyo na mwenyewe.* Pesa ikiingia bila akaunti inayoeleweka, usikisie. Iweke hapo, mtafute mwenyewe siku hiyo hiyo, kisha uihamishe. Na sheria iwe moja: hakuna onyo la deni linalotoka wakati hapo mahali pana pesa.

Ukifanya hayo sita kwa mkono kwa mwezi mmoja, utagundua jambo. Kazi nyingi ya kuhamia kwenye mfumo umeshaimaliza.

Habari za wateja si mali ya kuchezea

Orodha yenye majina, simu na madeni ya watu ni kitu kizito. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ukusanye habari unazohitaji tu, uzitumie kwa kazi uliyomwambia mteja, na uzilinde. Mteja pia ana haki ya kuona habari zake na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa lugha ya dukani: huhitaji picha ya kitambulisho cha mtu ili kumkopesha mkate, na orodha ya wadeni haibandikwi ukutani wala kwenye grupu ya WhatsApp.

Upande wa ushuru, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inataka rekodi zihifadhiwe kwa miaka 5. Simu ikiibiwa Muthurwa, meseji zako zote zinaenda nayo, kwa hivyo meseji si hifadhi. Pia, tangu 1 Januari 2024, KRA inataka gharama za biashara ziwe na ankara ya eTIMS ili zikubalike kwenye hesabu ya kodi, isipokuwa zile ambazo sheria imezisamehe. Kama unauzia biashara zingine, weka safu ya PIN ya KRA ya mteja mapema ili usianze kuwapigia simu mwezi wa Juni.

Maswali ya kumuuliza anayekuuzia programu

Usianze na bei. Anza na haya:

- Nikitaka kuondoka, naweza kutoa rekodi zangu zote kwenye faili ninayoweza kufungua mahali pengine?
- Mtandao ukikatika, malipo yaliyoingia wakati huo yatafikaje kwenye programu?
- Taarifa moja ikija mara mbili, mfumo utajuaje?
- Malipo yasiyotambulika yanaenda wapi, na nitajulishwa vipi?
- Kila mfanyakazi ana jina na nenosiri lake, na naweza kuona nani alibadilisha nini?
- Nakala ya akiba inawekwa wapi, na mara ngapi?

Akijibu "hiyo usijali" kwa maswali mawili au zaidi, jali.

Mfumo mzuri utakuondolea kunakili, kujumlisha na kukumbuka tarehe. Hautajua kwamba fundi aliyelipia saruji amemlipia mwenye nyumba, ama kwamba ulimwambia mteja wako wa miaka kumi alipe akitoka hospitali. Hayo bado ni yako, na ndiyo sababu anarudi kwako badala ya duka la jirani. Ukishapanga rekodi, utapata muda wa kuyashughulikia.

Kwa hivyo leo jioni, ukishafunga mahesabu, fungua ukurasa mmoja mpya. Andika D001, kisha jina la mteja wako wa kwanza wa kukopa. Kesho andika kumi wengine.